Kumbara wa Evanthia

Jumatatu, 23 Februari

Leo Evanthia ameniuliza jambo huku ameuinua mguu wa mzee Rigobert, na mguu ukabaki hewani mpaka nilipojibu. Evanthia ndiye anayewafanyisha wazee wetu mazoezi ya viungo pale kwenye nyumba ya wazee, Berchem-Sainte-Agathe, hapa Brussels. Mimi nawaosha, nawalisha, nawavalisha soksi. Tuna miaka minne ya kazi pamoja, tunaongea Kifaransa, na tunajuana mpaka saizi za viatu. Mwezi uliopita nilimwambia kwa kupita tu kwamba nilibatizwa kwetu Kongo, mjini Kolwezi, katika kanisa la Waorthodoksi, kwa sababu babu yangu mzaa baba alikuwa dereva wa lori la Mgiriki mmoja muuza samaki. Alicheka, nikadhani yameishia hapo. Kumbe aliyaweka.

"Numbi, mimi na Stratos tunaoana Mei. Nataka uwe kumbara wangu."

Kumbara ni mtu anayesimama nyuma ya bwana na bibi arusi kanisani na kuyabadilisha mataji juu ya vichwa vyao, mara tatu. Lazima awe Mworthodoksi. Tangu siku hiyo anakuwa ndugu yao, ndugu kabisa, na mtoto wao wa kwanza atambatiza yeye. Haya yote nimeyajua baada ya maswali kama kumi na tano. Kwa nini mara tatu? Mataji ya nini, dhahabu? Yakianguka je? Kazini wananiita hakimu kwa sababu ya maswali yangu, na sioni aibu.

"Mademoiselle," akasema mzee Rigobert, ambaye ana miaka tisini na mmoja, "mkubalie. Mguu wangu unakufa ganzi."

Nimekubali.

Jumanne, 24 Februari

Mvua. Nimesoma habari za mataji kwenye simu mpaka nikapitiliza kituo changu cha metro.

Jumatano, 25 Februari

Nimemwambia mama. Nimechagua mahali pabaya, saluni. Mama yangu, Marie-Jeanne, anasukia kwenye kiti kile kile cha Galerie d'Ixelles, Matonge, mtaa wa Wakongo, tangu nikiwa na miaka tisa, na sijawahi kumwona akiacha msuko katikati. Leo ameuacha.

"Kushika nini?"

"Taji, mama. Ku mariage ya Evanthia. Ba-Grecs banavalishaka bibi na bwana taji."

"Minajua bintu banafanyaka." Akaokota kitana ambacho hakikuwa kimeanguka. "Weye uko muntu ya kanisa yetu. Mambo ya ba-taji ni ya nini?"

"Banaomba tu karatasi yangu ya baptême."

"Ile karatasi haiko. Ilibakia kule. Bon, tuache ile maneno."

Kelly, mteja wake, alikuwa amekaa na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. "Mais maman, mwache mutoto aende ku fête!" akasema. Mama akavuta msuko uliofuata kwa nguvu kidogo, na Kelly hakuchangia tena.

Nadhani ni mambo ya sanamu na mishumaa. Kanisa letu la uamsho, pale Molenbeek, lina kinanda, spika mbili kubwa na chuki kali kwa kila kitu kilichochorwa na kubusiwa. Mama ni mzee wa kanisa. Nitamwelewesha taratibu.

Jumapili, 1 Machi

Kwa mara ya kwanza tangu utotoni nimeingia kanisa la Wagiriki. Kuna sanduku la mchanga mlangoni, unachomeka mshumaa wako humo kama unapanda mche. Kila mtu anabusu picha, kioo kimejaa alama za midomo, na bibi mmoja anapita na kitambaa akifuta. Hakuna kinanda. Wanaume watatu wanaimba pembeni kwa sauti zinazopanda bila kuomba ruhusa. Nilisimama walipokaa na nilikaa waliposimama.

Baadaye Evanthia alinipeleka kwa Padri Nektarios, mtu mwenye ndevu pana na macho ya kuchekesha. Anataka vitu viwili: karatasi ya ubatizo na kuniona kila Jumapili hadi arusi. "Kumbara si mpiga picha," akaniambia. "Haji siku moja na kuondoka."

Kisha nikakutanishwa na mama yake Evanthia. Kiria Stamatia, ndivyo wanavyomwita, Kiria ni Madame. Ni mfupi, amevaa nyeusi, nywele nyeupe fupi. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu bila haraka, akasema kitu kwa Kigiriki, na Evanthia akawa mwekundu hadi masikioni. Nilimbana mpaka akatafsiri.

"Anasema mpwa wake Zoi, wa kijijini kwao Ugiriki, ameshashona gauni la kumbara."

Jumapili, 8 Machi

Kanisani. Bado nakaa wakati wa kusimama.

Alhamisi, 12 Machi

Mama ameniuliza ninakokwenda kila Jumapili asubuhi. Nimemjibu kanisani. Hakuuliza kanisa gani, na jioni tumekwenda pamoja kwenye maombi ya kanisa letu, nikaimba kwa nguvu kuliko kawaida.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeitwa kwa Kiria Stamatia kufunga lozi. Ni lozi zilizovikwa sukari nyeupe, unaziweka kwenye kitambaa chepesi na kukifunga kwa utepe, kila mgeni apate kifuko chake. Ziwe tano au saba, hesabu isiyogawanyika kwa wawili, ili na maarusi wasigawanyike. Nilipouliza kama tisa zinafaa, alinitazama kwa muda, kama anayejiuliza iwapo namdhihaki. Kisha akasema tisa zinafaa lakini yeye si tajiri.

Tukafunga mia moja na themanini. Nilikuwa nimevaa kilemba cha kitenge, akakigusa, akasema "ftu, ftu, ftu" juu ya bega langu. Niliruka. Evanthia akaniambia ni kuzuia jicho baya, maana yake nimependeza. Basi nikamuuliza Kiria kwa nini mate na si maji, kwa nini bega na si uso, na je, mtu akiwa mbaya sana wanafanyaje. Hapo alicheka. Ana meno mawili ya dhahabu, na alikuja Brussels mwaka sabini na tisa kusafisha ofisi. Alikuwa anabeba ufunguo wa jengo zima, akaniambia, na hakuna aliyekuwa anajua jina lake.

Zoi hakutajwa. Nilikuja nimejiandaa kuchukiwa, nimerudi na kilo moja ya lozi zilizovunjika.

Ijumaa, 20 Machi

Karatasi imepatikana, na pamoja nayo kitu ambacho sikukitafuta.

Kwa kuwa mama hataki kusikia, nilimwandikia tonton Kalenga, mdogo wake aliyebaki Kolwezi. Leo ametuma sauti. Nimeisikiliza mara nne ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, kwa hiyo naiandika karibu neno kwa neno:

"Allô Numbi, mutoto yangu. Nilienda ku mission leo asubui. Père alinifungulia kitabu. Jina yako iko, Numbi Anastasia, mille neuf cent nonante-cinq. Banakutengenezea karatasi, minakutumia photo. Alors sikia. Mu kitabu ya ba-mariage, minaona papa yako na mama yako, nonante-trois. Na ule alibashikia taji ni Régine. Ule Régine yetu. Mama yako hakukuambiaka? Bon. Pengine haikukuwa kazi yangu kusema. Mungu akubariki."

Yaani mimi nilibatizwa mwaka tisini na tano, wao walioana tisini na tatu. Régine ni mke wa baba yangu. Baba, Donat, alituacha nikiwa na miaka minne, akakaa na maman Régine, wakazaa wavulana wawili ambao ni wadogo zangu. Kila Mwaka Mpya nampigia baba, ananipa Régine, naye ananiuliza kama Ulaya kuna baridi. Ni hayo tu niliyoyajua. Sikujua kwamba mama alivalishwa taji. Sikujua kwamba aliyemvalisha ni yeye.

Jumapili, 22 Machi

Sikwenda kwa Wagiriki leo. Nimebaki nyumbani na mama, na naandika yote kabla hasira yangu haijabadilisha maneno.

Alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwetu. Nilisubiri aushike mwiko kwa mikono miwili, nikijua kwamba bukari haiachwi jikoni, basi hataweza kutoka. Ujanja mbaya, nakiri. Nikamwambia: "Mama, Régine njo alikuwa kumbara yako?"

Aliendelea kusonga. Alisonga mpaka bukari ikawa ngumu kuliko tunavyoila, akazima jiko, akaketi.

"Kalenga iko na mudomo," akasema.

Kisha akanisimulia. Yeye na Régine walilala kitanda kimoja bwenini, miaka minne, kwa kuwa vitanda havikutosha. Baba alipotaka waoane kwa Waorthodoksi, padri aliwaambia watafute mtu wa kushika mataji.

"Miye njo nilisema Régine. Miye mwenyewe, Numbi. Donat alitaka kaka yake. Miye nikakataa, nikasema hapana, Régine."

"Na kisha?"

"Kisha ulizaliwa. Ulikuwa na miaka quatre wakati baliondoka. Tuseme baliondoka mbali? Avenue mbili tu, mama! Bantu bakakuja hapa kwangu kuniambia, Marie-Jeanne, vumilia, bwana atarudia. Hakuna hata moja alisema ile kintu ni mubaya. Banamusalimia Régine mu route sawa na zamani. Dimanche mu kanisa banamwachia nafasi ya kukaa. Njo ju ya ile nilitoka mu ile kanisa. Haiko ju ya ba-sanamu."

Nilitaka kumshika mkono. Miaka yote hii nimekuwa nikimcheka kimoyomoyo na mambo yake ya sanamu. Lakini kabla sijamgusa akaniuliza:

"Na ule Stratos. Unamuangaliaka namna gani?"

Nilicheka. Ndilo kosa langu la leo. Nilicheka kwa sababu Stratos anakoroma sinemani, anakula mtindi na kitunguu saumu, na akiniona ananipigia saluti kama askari. Sijawahi kumwangalia kwa namna yoyote. Lakini mama aliona kicheko tu.

"Mama, miye siko Régine!"

"Siku ile, hata Régine hakukuwa Régine."

Nikaleta sahani. Tulikula bukari ngumu, kila mtu akitazama sahani yake. Alipomaliza akasema: "Kama unataka kushika ile taji, shika, uko muntu mukubwa. Lakini usiniletee habari yake mu hii nyumba. Na usifikiri nitakuangalia sawa na mbele."

Jumatatu, 23 Machi

Mvua. Mama hajasema kitu.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Mama amesema: chumvi iko wapi.

Alhamisi, 26 Machi

Ametoka kwenda saluni kabla sijaamka. Ameniachia chai kwenye chupa, imefunikwa vizuri. Sijui kama hiyo ni maneno.

Jumapili, 29 Machi

Nimerudi kwa Wagiriki. Nimesimama waliposimama. Padri Nektarios ameipokea karatasi niliyoichapisha kutoka kwenye simu, ameisoma, akaubusu muhuri. Kila kitu sasa kiko sawa isipokuwa mama yangu.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Juzi tumesherehekea Pasaka yetu bila kugombana, yaani bila kuongea. Nilizoea kumwona mama kama ukuta. Sasa namwangalia akikunja nguo na namwona msichana wa bweni anayeshindana na bwana wake kwa ajili ya rafiki yake, na anashinda. Kama angeshindwa siku ile, ingekuwaje?

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka ya Wagiriki, imekuja wiki moja baada ya yetu. Mwanakondoo mzima amezungushwa kwenye moto uani kwa Kiria Stamatia, jirani Mbelgiji akichungulia juu ya ua. Tumegonganisha mayai mekundu. La kwangu limevunja mayai sita kabla ya kupasuka. Nimekula mpaka nimeona aibu.

Nilikuwa nimeamua, basi nikamvuta Evanthia kando ya bomba la maji na kumweleza yote: Régine, mataji, kitanda cha bwenini, swali la mama. Nikamwambia, mchukue Zoi. Gauni analo.

Evanthia alilia, mkononi ameshika bakuli la saladi. "Simtaki Zoi," akasema. "Lakini sitaki pia umkose mama yako kwa sababu yangu." Kisha, kabla sijamzuia, akaenda moja kwa moja kwa mama yake na kumwambia kila kitu kwa Kigiriki, kwa mikono na kwa machozi. Mimi nilisimama pale natamani kuingia kwenye bomba.

Kiria Stamatia aliweka kisu chini. Akaniuliza jambo moja tu:

"Mama yako anafanya kazi wapi?"

Jumamosi, 18 Aprili

Nimepeleka chakula cha mchana saluni, nikamkuta Kiria Stamatia amekaa kwenye kiti cha mama yangu.

Amepanda tramu mbili peke yake hadi Matonge. Amevaa nyeusi yake, ameupakata mkoba kama mtu anayesubiri daktari. Kelly na wengine wote wamegeuza viti kumwangalia. Mama amesimama nyuma yake na kitana, anazitazama zile nywele fupi nyeupe ambazo hata nusu ya msuko haziingii.

"Mimi ni mama wa bibi arusi," akasema Kiria kwa Kifaransa chake cha kuvunjikavunjika. "Nimekuja kutengeneza nywele."

"Madame," akasema mama, "hizi nizifanye nini?"

"Ziosheni."

Basi mama akaziosha. Kiria alilaza kichwa kwenye beseni, akafumba macho, na akaongea hivyo hivyo, uso ukielekea dari.

"Binti yako amekuja kwangu kujiondoa kwa ajili yako. Sikuja kukushawishi. Mimi nilimtaka mpwa wangu, na mpaka leo namtaka kidogo. Nimekuja kukwambia kitu kimoja. Kwetu kijijini, kumbara akimchukua mume, ni dada amechukua mume wa dada yake. Hakuna anayekula mezani kwake. Akija kisimani, wanawake wanamwaga maji yao na kuondoka. Waliokwambia uvumilie, sijui dini gani waliifuata, lakini hiyo siyo."

Mikono ya mama ilisimama ndani ya povu.

"Kweli? Kwenu mnasema hivyo?"

"Hatusemi. Tunafanya."

Maji yalikuwa yanatiririka tu, hakuna aliyeyafunga. Mama akaanza tena kuosha, polepole sana, nyuma ya masikio, shingoni, kama ninavyowaosha mimi wale wazee wangu ninaowapenda. Alizikausha, akazipaka mafuta, akazichana upande mmoja, kisha akazirudisha upande wa pili. Kiria alijitazama kwenye kioo, akatikisa kichwa kukubali, akaniambia "ftu" akiwa njiani kutoka.

Kwenye metro mama alikaa kando yangu. Tulipopita vituo vitatu akasema: "Ule mumama iko na nywele mwororo sawa na mutoto."

Ni sentensi yake ya kwanza ndefu tangu Machi.

Jumapili, 26 Aprili

Mama, akinipa koti langu mlangoni: "Miaka vingt-sept hakuna muntu alishaka kuniambia vile. Kumbe ilitakiwa Mugriki akuje kuniambia." Kisha: "Ushike. Miye sitakuja, usiniombe. Lakini weye ushike."

Nimekimbia hadi kituoni bila sababu.

Jumatano, 6 Mei

Gauni langu limefika. Ni la buluu. Mzee Rigobert anasema nafanana na mhudumu wa ndege.

Alhamisi, 21 Mei

Leo wametandika kitanda cha maarusi. Nimewahi kuhudhuria arusi za kila namna, za mahari ya mbuzi na za mahari ya friji, lakini kitanda cha watu wazima kutandikwa mbele ya shangazi kumi na wawili sijawahi. Wanatandika wasichana wasioolewa, na mimi nimo, nina miaka thelathini na mmoja na hakuna aliyenisamehe. Tukimaliza, Stratos anasema hakijanyooka, anavuruga, tunaanza upya. Mara tatu. Kila kitu mara tatu! Kisha wanatupa mchele, lozi, maua, na mwisho wanamlaza mtoto mchanga katikati na kumvingirisha, ili nyumba ipate watoto. Mtoto akakojoa. Shangazi wakapiga makofi kama timu imefunga.

Zoi amefika kutoka kijijini. Nilimwogopa bure. Ameniletea lile gauni lake, kama langu lingechelewa.

Ijumaa, 22 Mei

Nilirudi kutoka kazini saa kumi nikamkuta mama jikoni. Amewahi kutoka. Mezani amepanga vichwa viwili vya plastiki, vile vya kujifunzia kusuka, na juu ya kila kimoja duara alilolisuka kwa nywele za bandia. Yale maduara yameunganishwa kwa kamba ya kiatu.

"Kuja. Onyesha namna utafanya."

Nilifanya nilivyomwona Padri Nektarios akinielekeza. Kamba ikajipinda, kichwa kimoja kikabingirika hadi chini ya friji.

"Weye unabadilisha kama ba-casserole ku moto! Angalia. Mukono ya kuume inapita juu, ya kushoto chini. Hauruke. Polepole. Bale bako chini banasikia kila kintu."

Anajua kila hatua. Miaka thelathini na mitatu, na anajua utepe unapita upande gani. Tulirudia mara kumi au zaidi. Halafu, akiwa amekishika kichwa cha bibi arusi kisianguke, akaniambia bila kunitazama:

"Ya Régine ilikuwa inatetemeka. Nilisikia taji inanigusagusa hapa mu kipaji. Miye nilifikiri ni furaha. Kisha, wakati bile bintu bilifika, nikasema kumbe. Kumbe alishaka kuwaza tangu siku ile, na mukono ilikuwa inajua."

Nikayabadilisha mataji tena, mara tatu, na mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa.

Jumamosi, 23 Mei

Yameisha. Naandika kwa mafungu, nimechoka na nina mchele sikioni.

Pete kwanza, mara tatu. Kisha mataji: si ya dhahabu, ni maua madogo meupe ya nta yaliyofungwa kwa waya, mepesi ajabu, na utepe mweupe katikati. Padri Nektarios akaniashiria. Nikapanda hatua moja, nikasimama nyuma yao, nikaona shingo ya Evanthia na kidoti chake chini ya sikio ambacho nakiona kila siku kazini. Hapo ndipo mikono yangu ilipoanza kutetemeka.

Ilitetemeka vibaya. Utepe wote ulikuwa unacheza, watu wa nyuma waliuona. Mkono wa kulia juu, wa kushoto chini. Mara ya kwanza. Mara ya pili ua moja likadondoka kwenye bega la Stratos. Kiria Stamatia akanong'ona kitu, labda sala, labda jina la Zoi. Sikuwa nafikiria Régine, wala mama, wala Stratos, Mungu anisamehe, hata sikukumbuka kwamba Stratos yupo. Nilikuwa nasema tu moyoni, nisimharibie, nisimharibie, nisimharibie. Mara ya tatu yakakaa.

Baadaye kuna mahali padri anasoma kwamba mke amwogope mume, na hapo Evanthia akamkanyaga Stratos mguu kwa kisigino, kanisa zima likacheka. Inaonekana ndiyo desturi. Kisha tukaizunguka meza, wao mbele, mimi nyuma nimeshika utepe, na mchele ukatunyeshea kutoka pande zote. Ukumbini nilipiga vigelegele na shangazi wakanishika mpaka nikawafundisha. Kufikia keki, watatu walikuwa wanaweza.

Evanthia aliponikumbatia aliniita kumbara, kwa sauti, mbele ya watu, kama jina langu.

Jumapili, 24 Mei

Jua, hatimaye. Nimeamka mchana. Mama alikuwa dirishani anachambua maharage, hajaenda kanisani, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilikumbuka amri yake ya Machi, kwamba habari hizi zisiingie nyumbani humu, nikajimiminia chai nikanyamaza.

"Donc?" akasema, yaani kwa hiyo?

"Donc nini, mama?"

"Usinichoshe, Numbi. Taji. Ilianguka?"

"Haikuanguka. Ua moja tu."

"Ju ya nini ua?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia. "Mikono yangu ilitetemeka, mama. Mubaya kabisa. Kanisa muzima iliona."

Akaacha maharage.

"Ulikuwa unawaza nini?"

"Sikukuwa nawaza kintu. Niliogopa tu kumuaribia. Ninamupenda sana, mama, ni ile tu."

Chini barabarani watu walikuwa wanarudi sokoni na vitoroli vyao, na mama aliwaangalia kana kwamba anamtafuta mmoja wao. Kisha akasema, si kwangu hasa:

"Donc siku ile Régine alikuwa ananipenda."

"Ndiyo, mama. Siku ile, ndiyo."

Akalia. Nimewahi kumwona mama akilia kwa ajili ya baba, au nilidhani ni kwa ajili ya baba. Leo alikuwa anamlilia rafiki yake, na sikujua kwamba miaka ishirini na saba hakuwahi kuruhusiwa. Nilimshika mkono na safari hii hakuniuliza swali.

Alipomaliza alijifuta kwa kanga, akasogeza bakuli la maharage pembeni, akanivutia kiti.

"Bon. Anza ku mwanzo," akasema. "Usiruke kintu."